Anayeosha Rimu Ndiye Mkaguzi wa Kwanza

Gari lililotoka safari huja na uchafu wa aina mbili kwenye magurudumu. Upo udongo wa barabarani, mwekundu ikiwa limetoka Singida, mweusi wa mfinyanzi ikiwa limepita mbugani wakati wa masika, na huo maji ya mpira yakiupiga sawasawa huteremka wenyewe. Upo na ule wa pili, wa kijivu kinachokaribia weusi, uliotanda kwenye rimu za mbele kuliko za nyuma, umejibana kwenye kona za njiti na kuzunguka nati, na maji yakipita juu yake unabaki pale pale ulipo. Huo wa pili haukuokotwa njiani. Gari limeutengeneza lenyewe, kila dereva alipokanyaga breki. Wengi wetu tunauona kuwa ni dosari ya macho tu, tunamwachia kijana wa kuosha magari ahangaike nao, na tunamlipa kana kwamba kazi aliyoifanya haikuhitaji zaidi ya nguvu za mikono. Naona tunakosea. Kuosha rimu vizuri ni ufundi wenye elimu yake ya metali, ya moto na ya kemikali. Zaidi ya hapo, ni hatua ya kwanza ya kutunza breki, kwa sababu anayeosha gurudumu kila wiki ndiye anayeisogelea breki ya gari lako mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, fundi wa gereji na askari wa usalama barabarani wakiwemo.

Tuanze na chimbuko la uchafu huu. Breki haifuti mwendo wa gari, inaugeuza kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likikimbia kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ambayo, likisimamishwa kabisa, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba. Likikimbia kilomita 50 kwa saa nishati hiyo haibaki nusu, inabaki robo. Ndiyo maana dereva anayekimbiza gari kisha akalikamata ghafla huchafua rimu zake kuliko anavyodhani. Joto lote hilo linazaliwa mahali padogo. Pedi mbili zinaibana diski ya chuma cha kusubu huku na huku, na kila zinapobana, pedi inalika na diski nayo inalika. Kinachotoka ni unga. Sehemu kubwa ya unga huo ni chuma. Ndani yake mna pia shaba, antimoni, chumvi ya bari, kaboni, na masalia ya gundi inayoishika pedi isimeguke. Chembe zilizo ndogo mno hupaa na kuingia katika hewa tunayovuta, nyingine huanguka barabarani, na zilizobaki hurushwa nje na kutua kwenye rimu zikiwa bado za moto. Gari likifunga breki uzito wake husogea mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa na rimu za mbele ndizo zinazochafuka zaidi. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa katika barabara zetu yana diski mbele na dramu nyuma. Dramu huufungia unga wake ndani, na asiyejua hudhani magurudumu ya nyuma hayafanyi kazi. Magari ya Kijerumani kwa kawaida hufungwa pedi zenye chuma kingi, zilizokusudiwa kulikamata gari kwenye barabara ambazo baadhi ya vipande vyake havina kikomo cha mwendo. Pedi hizo hushika vizuri hata zikiwa za moto, na gharama ya sifa hiyo ni unga mwingi. Mwenye gari la aina hiyo akilalamika kwamba rimu zimekuwa nyeusi siku mbili tu baada ya kuoshwa, aelewe kwamba analipia uwezo wa kusimama.

Unga huo ukiachwa, haubaki kuwa unga. Chembe ya chuma iliyotua ikiwa ya moto hujichimbia kwenye vanishi inayofunika rimu, kisha umande unaianzishia kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo chembe huvimba ndani ya vanishi na kuipasua. Unyevu ukishapata pa kuingilia unaifikia alumini, na pale alumini na chuma vinapokutana katika maji yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako upepo wenyewe una chumvi, mambo haya huenda haraka kuliko Arusha au Nakuru. Rimu za spoti zilizoshuka bandarini kutoka Japani zikiwa zinang'aa huonekana baada ya miaka michache zimejaa vidoa vya kahawia na malengelenge chini ya rangi, na mwenye gari hudhani ni uzee, kumbe zimeliwa. Uchafu wa muda mrefu huganda kama masizi ya sufuria iliyopikiwa kwenye kuni bila kusuguliwa, na kadiri unavyoganda ndivyo anayekuja kuutoa anavyolazimika kutumia vitu vikali zaidi, ambavyo navyo vinaiumiza rimu. Kwa hiyo hata anayejali mfuko wake tu, bila kujali breki wala sura ya gari, ana sababu ya kutaka rimu zioshwe mara kwa mara kwa dawa laini kuliko mara moja kwa mwaka kwa dawa ya kuunguza.

Madhara ya unga huu kwa mwili wa binadamu yana historia yake. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Ferodo, baada ya kuona jinsi mikokoteni ya farasi ilivyohangaika kuteremka vilima vya Derbyshire. Alitafuta kitu kitakachoshika gurudumu vizuri zaidi. Mwaka 1902 Frederick Lanchester, Mwingereza mwenzake, alipata hataza ya breki ya diski. Pedi zake za shaba zilipiga kelele isiyovumilika, na tiba iliyopatikana miaka michache baadaye ilikuwa asbestosi. Asbestosi inavumilia moto na ilikuwa ya bei nafuu, ikatawala breki za dunia kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na ikaua watu, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa hubaki mapafuni na kuleta saratani miongo kadhaa baadaye. Uingereza ilipiga marufuku aina yake ya mwisho mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya wote ukafunga mlango mwaka 2005. Pedi kutoka viwanda vyenye sifa siku hizi hazina asbestosi. Lakini soko letu la vipuri linapokea bidhaa za kila namna, nyingine zikiwa hazina hata jina la kiwanda, na hakuna anayeweza kuutazama unga kwa macho akasema una nini ndani yake. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya ufundi huu ni kutouvuruga unga ukiwa mkavu. Katika gereji nyingi fundi akifungua dramu huipuliza kwa upepo wa kompresa, wingu jeusi linapanda, naye amesimama katikati yake bila hata kitambaa cha pua. Mwosha rimu anayeijua kazi hulowanisha kwanza. Unga uliolowa hauvutwi. Katika jambo hili moja, kijana mwenye ndoo ana busara kumzidi bwana mkubwa mwenye spana.

Mtazame sasa akifanya kazi. Anaanza na magurudumu, bodi baadaye, kwa kuwa maji machafu ya rimu yakirukia mlango uliokwisha kufutwa, itabidi auoshe mara ya pili. Kabla ya kumwaga maji anapitisha kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ikiwa bado inatoa joto anaiacha, anakwenda kutoa mikeka ya ndani na kuikung'uta. Dawa ikimwagwa kwenye rimu ya moto hukauka kabla ya kufanya kazi na kuacha madoa yasiyotoka. Rimu ikipoa anaimwagia maji ya kutosha, kutoka juu kushuka chini, ili mchanga uondoke kabla ya brashi kufika, maana mchanga unaosuguliwa ndio unaochora mistari. Ndoo ya magurudumu ina kazi hiyo tu, na kitambaa chake hakirudi kwenye bodi kamwe: chembe za chuma zilizonasa humo zikifika kwenye boneti zitaikwaruza rangi. Brashi pana yenye nywele laini ni ya uso wa rimu. Brashi ndefu ya mviringo, ile ya kusafishia chupa, inaingia kati ya njiti mpaka kwenye pipa la ndani, upande ambao mpita njia hatauona. Mswaki wa meno ni wa mashimo ya nati na mzunguko wa vali, na hapo kwenye nati ndipo fundi anapojitenga na mbabaishaji. Mbabaishaji huzungusha dodoki usoni, rimu ikang'aa kwa mbali, akahamia mlangoni. Fundi huuzungusha mswaki katika kila shimo, kisha anamwomba mwenye gari alisogeze nusu mzunguko wa gurudumu, kwa sababu sehemu iliyofichwa na kalipa inayobeba pedi haifikiki gari likibaki pale pale. Akishasuuza na kufuta, anamwambia dereva akanyage breki taratibu mara kadhaa kabla ya kuingia barabara kuu, ili diski zikauke. Diski iliyolowa haishiki sawasawa mara ya kwanza, na ikilazwa na maji huamka na kutu.

Kwenye dawa ndiko kwenye elimu kubwa, na ndiko kwenye hatari. Alumini hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi iliyojifanyia yenyewe, na ngozi hiyo haivumilii asidi kali wala magadi makali. Mwosha gari anayechanganya maji ya betri na maji ya kawaida ili rimu iwe nyeupe kwa haraka amemwaga asidi ya salfa juu ya kinga hiyo. Weupe anaouona ni wa metali iliyovuliwa nguo, na baada ya miezi utakuwa ukungu wa kijivu usioondoka. Kostiki soda hufanya uharibifu ule ule kwa njia ya pili. Zipo dawa za kiwandani zenye asidi ya haidrofloriki, na hizo nazitaja ili zikwepwe kabisa: asidi hiyo hupenya ngozi ya mkono, huifuata kalisi ya mwilini hadi kwenye mifupa, na mara nyingine maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati madhara yamekwisha kufanyika. Stili waya ni ya masufuria. Kwenye vanishi ya rimu inachora mikwaruzo ambamo kila chembe ya breki itapata pa kulala. Kwa gari linaloshughulikiwa kila wiki, sabuni laini ya maji na brashi vinatosha. Kwa chuma kilichokwisha kujichimbia ipo dawa yenye amonia thaiogilaikoleti, kemikali ambayo saluni zetu ziliijua zamani, kwani ndiyo iliyokuwa ikilegeza nywele za kalikiti ili zishike mkunjo. Harufu yake ya salfa haifichiki. Ikipuliziwa kwenye rimu hukaa kimya kidogo, kisha popote penye chembe ya chuma huanza kugeuka zambarau na kutiririka kwenye njiti kwa mistari ya rangi hiyo. Rangi hiyo ndiyo ushahidi wangu ulio wazi kuliko wote. Udongo wa Singida haubadilishi rangi ya dawa hii kwa kiasi hicho. Chuma cha diski ndicho kinachofanya hivyo, na mtu mwenye macho anaona ni gurudumu lipi lililomwaga zambarau nyingi zaidi.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja. Rimu ikioshwa leo, chochote kitakachoonekana juu yake wiki ijayo kimetoka katika wiki hiyo moja. Jambo hilo ni dogo kulitamka, lakini ndilo linaloyageuza maji na sabuni kuwa ukaguzi. Kwenye rimu iliyokaa miezi sita bila kusafishwa, breki nzima na breki mbovu hazitofautiani kwa macho, weusi umemeza kila kitu. Kwenye rimu inayosafishwa kila wiki tofauti ndogo hujitokeza. Gurudumu la mbele kushoto likiwa jeusi maradufu ya la kulia, inawezekana sana kwamba pistoni ya kalipa imekwama au pini zake zimekauka grisi, na pedi inaendelea kusugua diski hata dereva akiwa ameinua mguu. Gari la namna hiyo hula mafuta, huvuta upande mmoja, na gurudumu lake baada ya safari fupi huwa la moto kuliko mwenzake. Rimu ikiwa safi kuliko mwenzake, hiyo nayo si habari njema: huenda breki ya upande huo haishiki, na zilizobaki zinabeba mzigo wake. Unga wenye vimetameta, ukifuatana na mifereji kwenye uso wa diski, unaonyesha pedi imekwisha na chuma kinasaga chuma. Uchafu ulioloa na kunata, hasa kwenye pipa la ndani, haukutoka kwenye pedi: mafuta ya breki yanavuja, au sili ya ekseli imechoka, au mpira unaofunika jointi umepasuka na unarusha grisi. Mswaki unapozunguka, mkono hukutana na mengine yasiyohusu breki kabisa, nati iliyolegea, nati isiyokuwepo, ufa mwembamba ulioanzia kwenye shimo la nati, ukingo uliopindishwa na shimo la barabarani, tairi lililovimba ubavuni. Hayo yote hayahitaji kompyuta. Yanahitaji mtu aliyechuchumaa karibu na gurudumu, mwenye subira, ambaye wiki iliyopita pia alichuchumaa hapo.

Hata namna ya kuendesha inasomeka. Mteremko wa Kitonga, katika barabara kuu itokayo Zambia na Mbeya kupitia Iringa kwenda Morogoro, huteremkwa kwa namna mbili. Dereva makini anashusha gia mapema, injini inalishikilia gari, na breki anaigusa kidogo kwenye kona. Mwingine anaweka gia kubwa, au hata kuitoa kabisa akidhani anaokoa mafuta, na kulishikilia gari kwa mguu kutoka juu hadi chini. Huyu wa pili anafika bondeni na rimu zilizofunikwa unga, harufu ya kuungua, na pengine diski iliyogeuka buluu kwa joto. Hatari yake kubwa iko mahali asipopaona. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu wa hewani kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba ya breki na pedeli huzama hadi sakafuni bila kushika kitu. Mabonde yaliyo chini ya Kitonga, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kule Mai Mahiu, na kwenye daraja la Nithi katika barabara ya Meru yameshuhudia misiba ya magari yaliyoshindwa kusimama. Sidai kwamba mwosha rimu angeizuia yote. Nadai kwamba gari linaloteremshwa vibaya hufanya hivyo mara nyingi kabla ya siku ya msiba, na kila mara huacha alama mahali ambapo mwosha rimu anaweza kuiona.

Atakayenipinga kwanza atasema huu ni umaridadi tu. Gari linaoshwa asubuhi, mchana linapita kwenye vumbi, jioni limerudi kama lilivyokuwa; maji na pesa vimekwenda bure. Hoja hiyo ina nguvu kwa udongo, na mimi mwenyewe siioni haja ya kuosha bodi kila siku katika nchi yenye kiangazi kirefu. Lakini haina nguvu kwa unga wa breki, kwa sababu udongo haujichimbii kwenye rimu wala haubebi habari za gari. Mwingine atasema ukaguzi una wenyewe: kuna fundi, kuna taa kwenye dashibodi, kuna kibati cha pedi kinachopiga kelele zikikaribia kwisha, na Tanzania ipo Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ambapo magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Vyote hivyo ni vyema. Ila stika ni ya mwaka na breki hulika kila siku. Fundi huitwa gari likiwa limekwisha kuugua. Kibati cha kelele mara nyingi hufungwa kwenye pedi moja tu, pedi nyingine za bei rahisi hazinacho kabisa, na taa nyingi za breki kwenye magari yetu huwaka mafuta ya breki yakipungua au breki ya mkono ikiwa imevutwa, hazijui lolote kuhusu pistoni iliyokwama. Mwosha gari halipingi jeshi hilo la ulinzi. Anajaza siku zote ambazo halipo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maji. Unga uliotoka kwenye rimu haukutoweka, umekwenda na maji, na shaba iliyomo ni sumu kwa viumbe wa majini. Mwaka 2010 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza shaba kwenye pedi za breki, isizidi asilimia 5 kuanzia 2021 na asilimia 0.5 kuanzia 2025. Sababu mojawapo ni samaki aina ya samoni, ambaye shaba hata kwa kiasi kidogo humharibia uwezo wa kunusa, na bila pua hamkimbii adui wala hapati njia ya kurudi mtoni alikozaliwa. Sisi tunaosha magari ndani ya Ziwa Victoria pale Kisumu na kando ya mto Msimbazi unaomwaga Bahari ya Hindi. Maji ya Mto Nairobi nayo huishia katika Athi, kisha Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Hapa sina utetezi, na sitaki kuutafuta. Anayeosha rimu mtoni, hata awe na mikono ya dhahabu, hajaimaliza kazi yake, kwa sababu kuutoa uchafu kwenye gari la mtu mmoja na kuuweka kwenye kisima cha mwingine hakuwezi kuitwa usafi. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Kituo kilicho mbali na mto, chenye sakafu ya saruji na shimo la kutuliza mchanga na chuma kabla maji hayajatoka, ni sehemu ya ufundi huu sawa na brashi. Tena, unga ambao hauoshwi kituoni haubaki kwenye rimu milele: mvua ya kwanza ya masika inaupeleka kwenye mfereji ule ule, bila shimo la kuutuliza.

Wapo wanaosema kazi hii itakufa yenyewe, magari ya umeme yakija. Magari ya mseto tayari yapo kwa wingi Nairobi na Dar es Salaam, na ni kweli rimu zake hubaki safi kwa muda mrefu, kwa kuwa mota hulipunguza gari mwendo na kurudisha nishati kwenye betri kabla ya pedi kuguswa. Hata hivyo Umoja wa Ulaya, ulipopitisha kanuni za Euro 7 mwaka 2024 na kwa mara ya kwanza kuwekea kikomo vumbi la breki, haukuyasamehe hata yale ya umeme: magari madogo ya injini yalipewa miligramu 7 kwa kila kilomita, na yale ya umeme pekee miligramu 3. Wataalamu walioandika kanuni hizo walijua breki bado itatumika. Kuna na tatizo jipya, kwamba breki isiyotumika sana huota kutu kwenye diski na kukauka kwenye pini, na dereva hatajua mpaka siku atakapoihitaji kwa nguvu zote. Mwosha rimu wa gari la mseto atatafuta kutu pale ambapo mwenzake wa leo anatafuta unga.

Kinachokosekana kwetu ni kuihesabu kazi hii kuwa ni kazi. Kijana anaingia kwenye kituo cha kuoshea magari bila kufundishwa, anapewa dodoki na ndoo moja, analipwa kwa idadi ya magari, na kwa malipo ya namna hiyo lazima magurudumu yawe ya mwisho na ya haraka. Vyuo vya ufundi vinafundisha makanika na umeme wa magari. Somo la juma moja juu ya kusafisha magurudumu na kutambua dalili za breki lingetosha kumpa kijana huyu jicho ambalo sasa analipata kwa bahati tu. Glavu na barakoa kwa bei yake ni vitu vidogo kwa mwenye kituo. Na mwenye gari ana sehemu yake. Ukipeleka gari kuoshwa, omba magurudumu yaanze, yakiwa yamepoa, na mwongezee kijana malipo ya muda huo. Kataza maji ya betri. Gari likiwa tayari, kabla hujatazama bodi inavyong'aa, muulize ni gurudumu lipi lililokuwa chafu kuliko mengine, na ndani yake alikuta nini. Akikujibu bila kusita, umepata mtu wa kumrudia, na jibu lake mpelekee fundi wako siku hiyo hiyo.